Shimo la Kusahaulia

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita waliingia watu kumi na wawili, wakatoka kumi na mmoja, na hakuna aliyeuliza.

Ndaya alijua kwa sababu ya daftari. Siku za juma alifundisha historia katika shule moja ya sekondari mtaa wa Manika, darasa la wanafunzi sabini na nane, na mtu akifundisha darasa kama hilo miaka kumi na sita huhesabu vichwa hata kanisani. Jumapili mchana, baada ya ibada, aliwaongoza wageni katika ngome ya Tata Tshiamala. Aliandika majina yao langoni wakiingia, akaweka alama mbele ya kila jina wakitoka. Hakuna aliyemwagiza. Tshiamala alimwagiza tabasamu tu, na tabasamu ndilo hakulileta.

Siku hiyo jina moja lilibaki bila alama: Ezéchiel, wa Tenke. Alikuja na mkewe. Walikuwa wameshonewa kitenge kimoja, yeye shati na mke gauni, samaki wa kijani juu ya njano. Mke alikuwa amesimama nje ya lango na koti la kiume mkononi.

"Mama, bwana yako eko wapi?" Ndaya aliuliza.

"Bwana gani?"

"Ule mulikuya naye. Ezéchiel."

Mwanamke alicheka, kama mtu anayetaniwa na mgeni. "Eh, mwalimu! Mi sina bwana. Nilikuya na batu ya bisi." Kisha akalitazama lile koti, akaligeuza, akanusa ukosi. "Na hii ni ya nani?" Akalitundika kwenye chuma cha lango, akaenda kupanda basi. Pete ya ndoa ilikuwa kidoleni.

Stany, mlinzi wa lango, aliyaona yote hayo na hakusimama kitini. Stany alikuwa mume wa Ndaya. Zamani alichimba madini. Sasa alifungua lango na kulifunga, na jioni walirudi nyumbani pamoja kwa miguu, wakimsema tajiri wao njia nzima. Kwa Ndaya hiyo ilikuwa sehemu pekee ya Jumapili yenye maana.

"Bamegombana," Stany alisema. "Mwanamuke ya Tenke akikasirika anafuta mutu. Wee mwenyewe ulinifuta wiki mbili juu ya kuku."

"Kuku ilikuwa ya mama yangu."

"Unaona? Mpaka leo."

Ndaya hakucheka. Aliingia tena kumtafuta Ezéchiel. Alipanda minara yote minne, akashuka hadi chumba cha shimo. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya sufi iliyolowa maji, katikati ya kiangazi, Kolwezi, ambako tangu mwezi wa tano hakikuwa kimelowa kitu isipokuwa nguo za wafuaji.

Ngome yenyewe ilihitaji maelezo, na Ndaya alikuwa amechoka kuyatoa. Tshiamala alikuwa négociant: alinunua mawe kwa wachimbaji na kuyauza kwa wenye viwanda. Miaka mitatu nyuma alikwenda Uingereza kwenye mkutano wa watu wa madini. Mkutano ulimchosha siku ya kwanza. Siku tano zilizobaki alipanda basi la watalii akatazama ngome, moja kila siku, na alirudi na ugonjwa huo. Alijenga ya kwake kwa matofali ya saruji, akaipaka rangi ya kijivu, akamlipa fundi achore mistari ili matofali yafanane na mawe. Mnara mmoja ulibeba tangi la maji. Mwingine ulibeba antena. Handaki lililozunguka ukuta lilikuwa na vumbi miezi sita na viluwiluwi miezi sita.

Wageni walikuja. Hilo ndilo lililomshangaza Ndaya. Walitoka Likasi, Mutshatsha, hata Dilolo, wamevaa vizuri, wakapigana picha mbele ya ukuta wa kuchorwa. Yeye aliwaeleza kilichoandikwa kwenye kijitabu alichorudi nacho Tshiamala: kwamba Wanormani walivuka bahari, wakawashinda Waingereza, wakapandisha vichuguu vya udongo na kuweka juu yake nyumba za mbao, baadaye za mawe, ili walioshindwa wainue macho kila asubuhi na kukumbuka. Kwamba ngazi zilizungushwa kwa kulia ili adui akose nafasi ya kuinua upanga. Hapo Ndaya huongeza kwamba wataalamu hawakubaliani, na wageni hawasikilizi. Kwamba choo kilikuwa tundu ukutani. Kwamba mizinga ilipokuja kuta hazikufaa tena, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wakazibomoa makusudi. Na kwamba karne mbili baadaye matajiri wa viwanda, kwa kukosa la kufanya, walianza kujenga ngome mpya zisizo na adui.

"Kama Tata Tshiamala," mgeni mmoja alisema siku moja, kwa heshima kabisa.

"Kama yeye," Ndaya alijibu.

Alikuwa ameomba aeleze pia boma la kale la kifalme la Bunkeya, ambalo liko jimbo hilohilo na lilikuwa na kuta za kutisha vilevile. Tshiamala alikataa. "Bunkeya batu banajua," alisema. "Batu banapenda kintu ya mbali." Hilo Ndaya hakuweza kulipinga. Waingereza walijenga nyumba za kuogopesha watu. Paa zilipoanguka wakaweka meza, wakauza chai na keki na panga za plastiki, na sasa watu walisafiri kwenda kuogopa kwa starehe. Tshiamala alirudi na upanga wa plastiki. Ulining'inia sebuleni kwake, juu ya televisheni.

Alichokipenda zaidi kule ni shimo. Katika ngome moja ya kaskazini, mpakani na Uskoti, watalii walionyeshwa chumba chini ya mnara, chenye tundu sakafuni na wavu wa chuma juu yake. Mtu alishushwa humo kwa kamba, kamba ikavutwa, wavu ukafungwa, na walio juu wakaendelea na chakula. Kifaransa shimo hilo huitwa oubliette, na Kolwezi hakuna aliyehitaji kutafsiriwa kwamba ni mahali pa kusahaulia. Tshiamala alirudi na kukumbuka kwamba katika kiwanja chake kulikuwa na shimo tayari. Mtaa ule watu walichimba uani, jikoni, wengine sebuleni. Hili lilichimbwa na Stany na wenzake, mita kumi na mbili, likatoa madini, likaisha, likaachwa. Hakuna aliyefia humo. Tshiamala alilijengea chumba, akaweka wavu, taa nyekundu, na jiwe moja la ukubwa wa ngumi lililopachikwa ukutani.

Jumapili ya pili ilikuja kwaya ya kanisa, watu ishirini na mmoja wenye sare nyeupe. Walizunguka wavu, na kiongozi wao akaomba waimbe, wasikie mwangwi. Waliimba ubeti mmoja. Shimo liliwarudishia wimbo kwa kuchelewa kidogo, kisha likaendelea wao walipokwisha kunyamaza. Sauti moja ya mwanamke, ya pili, ilibaki chini ikishikilia neno la mwisho.

"Mwangwi muzuri," kiongozi alisema, na meno yake yaligongana kwa baridi.

Walitoka ishirini. Jina lililobaki bila alama lilikuwa Ernestine.

"Ernestine wa sauti ya pili," Ndaya alimwambia kiongozi langoni. "Nimemuandika mi mwenyewe."

"Sauti ya pili ni batu batatu, mama. Toka zamani."

"Balikuwa bane."

"Batatu," wale watatu walisema pamoja, na mmoja wao alikuwa amevaa mikoba miwili begani.

Jumatatu hiyo, baada ya masomo, Ndaya alikwenda depo, ghala la kununulia mawe. Tshiamala alikuwa amekaa kati ya magunia, mashine ya kupimia mawe mapajani kama mtoto.

"Tata, batu babili bameingia kwako na habakutoka."

"Polisi balikuya kuuliza?"

"Hakuna mwenye anabakumbuka. Njo shida yenyewe."

"Kama hakuna mwenye anabakumbuka, ni nani anabakosa?" Alicheka, akaona yuko peke yake. "Mama mwalimu, ku Angleterre kila château ya bao iko na fantôme, muzimu yake. Bao banajivunia. Ya mi iko na baridi kwanza. Ni kuanza."

"Ile libwe ya ku shimo ulitoa wapi?"

Hapo akashusha sauti, kwa fahari. Mtu wa madini haachi jiwe. Akipita mahali akaona kijani kwenye mwamba, mkono unakwenda wenyewe: anavunja kipande, anatia mfukoni, anakwenda kukipima. Tshiamala alifanya hivyo tangu ujana, Tenke, Fungurume, kila mahali. Kule kaskazini, wageni wengine walipokuwa wakipiga picha, aliona mstari wa kijani kwenye ukingo wa lile shimo. Akatoa nyundo ndogo.

"Ulivunja nyumba ya batu?"

"Échantillon tu, mama, kipande ya kupima. Kama hii." Alionyesha ngumi. "Ule guide alikuwa anasema kwamba mu ile shimo kulikuwa mutu mumoja, bakamusahau kabisa, ata jina yake haijulikane. Nikasema, basi hatakasirika."

"Na mashine ilisema nini?"

Tshiamala aliitazama mashine, kisha pembeni. "Zero. Haikuwa malachite."

"Ilikuwa nini?"

"Kuvu," alisema.

Miaka ishirini ananunua malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, na amevuka bahari akadanganywa na kuvu. Ndaya alirudi nyumbani amemdharau hata zaidi, na dharau hiyo ilimpa usingizi mzuri. Alimweleza Stany, wakacheka hadi mtoto wao Shekina akagonga ukuta.

Jumapili ya tatu hakuja mgeni hata mmoja. Saa tisa kasoro umeme ulikatika, mtaa ukanyamaza, na katika ukimya huo wote wawili walisikia, kutoka chini ya mnara: ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Stany aliinuka kitini.

Kwa wachimbaji mapigo matatu yana maana moja. Ni mtu aliyezibiwa chini ya ardhi, na yu hai. Ukiyasikia, unashuka. Huulizi ni nani. Stany aliwahi kushuka kwa mapigo hayo akamtoa mtu aliyemchukia, na baadaye wakaendelea kuchukiana.

Ndaya alimfuata hadi chumbani. Baridi ilikuwa imesimama mlangoni kama mlango mwingine. Stany aliinua wavu, akafunga kamba kwenye chuma, akavua viatu.

"Usishuke," Ndaya alinong'ona. "Ile haina mutu."

"Minasikia mutu."

"Stany. Minakuomba."

"Unataka mi nisikie mutu anagonga, niende kukula bukari?" Naye alinong'ona. "Ni shimo ya mi, Ndaya. Nilichimba na hii mikono. Mu dakika tano niko juu."

Kwa mazoea Ndaya aliandika: *Stany Kitenge, anashuka, saa tisa na dakika kumi.* Kisha akashika kamba.

Alimsikia akikanyaga vile vidato alivyovichonga mwenyewe ukutani, akivihesabu, kumi na moja, kumi na mbili, kisha akasema, "Eko mutu huku," na kamba ikatembea mikononi mwa Ndaya, naye akausikia uzito wake, uzito wa mwanamume aliyelala upande wake wa kushoto miaka kumi na minne, na harufu ya sufi iliyolowa ikapanda hadi puani, na baridi ikaifuata, na sauti aliyoijua ikasema jambo ambalo hakulisikia vizuri, akainama alisikie, na kadiri alivyoinama ndivyo ile sauti ilivyozidi kuwa sauti ya mtu yeyote, ya jirani, ya mpita njia, ya redio ya nyumba ya tatu, na chini kabisa ya sauti hiyo kulikuwa na nyingine iliyokuwa ikitafuna polepole kitu kisicho na mfupa, mpaka kamba ikawa nyepesi, na yeye akawa mwanamke aliyesimama katika chumba cha saruji akiwa ameshika kamba, bila kujua ni ya nini.

Aliikunja, kwa sababu hakupenda vitu vikae ovyo. Akarudisha wavu. Viatu vya mwanamume vilikuwa njiani. Alivisogeza kwa mguu. Alikwenda nyumbani, akapika, akakagua kazi ya Shekina na ya mdogo wake Ngoyi, akalala katikati ya kitanda.

Jumanne jioni alifungua daftari kutafuta ukurasa mtupu. Aliona mstari katika mwandiko wake. Mtu aitwaye Stany Kitenge alikuwa ameshuka mahali saa tisa na dakika kumi, na hakuwa na alama.

Aligeuza kurasa nyuma. Kila Jumapili, mstari wa kwanza: *Langoni: Stany.* Na mara moja, pembeni, kwa kalamu nyekundu: *Stany anasema amechoka na samaki kavu. Jumamosi ninunue kuku.*

Alimwita Shekina. "Baba yenu ni nani?"

"Hatuna baba, mama."

"Nilibaambia alikufa?"

"Hukusema kintu. Hatuna tu."

Ndaya alizunguka nyumba. Bafuni kulikuwa na wembe. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na suruali ambayo ingewaingia watoto wote wawili pamoja. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi, yeye katika gauni jeupe, karibu na mwanamume ambaye angempita barabarani. Alisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu. Hakusikia chochote moyoni, na kutosikia huko kulimtisha kuliko kilio.

Lakini alikuwa mwalimu wa historia. Kazi yake yote ilikuwa kuamini watu ambao hakuwahi kuwaona, kwa sababu tu mtu fulani aliwaandika. Hakuona sababu ya kumnyima mume wake kile alichowapa wafalme wa Uingereza.

Jirani yake Hawa alikuwa na kaka, Twahiru, dereva wa lori wa njia ya Kasumbalesa, ambaye huko kwao Kasongo babu yake alisomea watu wenye majini, na yeye alisoma pia kati ya safari na safari. Ndaya alikuwa Mmethodisti na mambo hayo aliyaweka kundi moja na ngome. Alikwenda kwa sababu hakuwa na mahali pengine. Twahiru alisikiliza akila mihogo.

"Ile jini ilikuya mu libwe, na haipendi damu," alisema. "Ilikaa na ule mutu mu shimo mpaka akasahauliwa na dunia yote, ikazoea utamu. Inakula kukumbukwa. Mutu anabaki muzima, lakini hakuna mwenye kumuita, na mwenye haitwe hapandi." Akapangusa mikono. "Uko na majina?"

"Niko nayo yote."

"Basi uko na dawa kunipita mi."

Walikwenda Jumatano saa sita mchana, jua la utosi. Tshiamala alikuwapo, kwa hofu ya ukuta wake kuliko hofu nyingine yoyote. Twahiru alibeba mtaimbo wa lori.

"Ile libwe ni ya miaka mia nane!" Tshiamala alisema.

"Mashine ilisema zero, Tata," Ndaya alimwambia. "Nyamaza."

Chumba kilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Chini ya wavu kitu kilikuwa kikipumua kwa pumzi za watu wengi waliojaribu kupumua kama mmoja. Twahiru aliinua wavu, akashusha kamba, akasoma kwa sauti ya chini, kwa muda, na pumzi zile zikanyamaza kusikiliza. Kisha akasema:

"Kabla hatujaita batu, kila mwenye kuwa huku ataje jina yake yee mwenyewe, hapa, ku mulango ya shimo. Wakati inafukuzwa itatafuta mutu mwenye hakutajwa. Ikimupata, itaenda naye, ata kama miguu yake inabaki huku." Aliinama. "Mi ni Twahiru, mutoto ya Musafiri."

Tshiamala alipiga magoti. Akataja majina yake yote matatu, cheo chake katika umoja wa négociants, jina la ubatizo, na la ngome.

"Na wewe, mama."

Ndaya alimtazama Tshiamala akiwa amepiga magoti na suti yake mbele ya kipande cha kuvu, na dharau ya miaka miwili ikampanda. Majina aliyokuja kuyaita yalikuwa mkononi. Mchezo huu wa watu wazima kujitambulisha kwa tundu ungeweza kungoja.

"Mi ni mwalimu," alisema. "Bananijua. Tuanze."

"Jina, mama."

"Batu banakufa huku chini na wee unataka présentation? Tuanze!"

Twahiru alitazama shimoni. Chini kamba ilikwisha kuanza kutikisika yenyewe. Akamwashiria asome.

"Ezéchiel, wa Tenke," Ndaya alisoma, kwa sauti ile ya saa moja unusu asubuhi ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuipuuza. "Ezéchiel. Ezéchiel!"

Kamba ikakaza. Wakavuta, na ikatokea mikono, kisha shati la samaki wa kijani. Ezéchiel alikaa sakafuni, akapepesa macho. "Bisi imeenda?" aliuliza.

Ernestine alipanda na sare yake nyeupe, midomo wazi, akimalizia neno la wimbo.

"Stany Kitenge."

Hakuna kitu.

"Stany Kitenge," na hapo akakumbuka mikono, kovu la kidole gumba, jinsi anavyolala na soksi hata mwezi wa kumi. Vilimrudia kwa mkupuo hadi akashika ukuta. "Stany! Stany! Toka, nimesema toka!"

Kamba ikakaza. Alitoka miguu mitupu, uso wa vumbi, akalala kifudifudi akikohoa. Ndaya alianguka juu ya mgongo wake, akalia, na alimnusa shingoni, na alikuwa ni yeye.

"Bote bameisha?" Twahiru alipiga kelele. Alikuwa amekwisha kuingiza mtaimbo nyuma ya jiwe.

Ndaya aliweka alama tatu zilizobaki, akapitisha kidole kwenye kurasa. Kila jina lilikuwa na alama. "Bote!"

Jiwe likang'oka. Upepo ulitoka shimoni, ukapita katikati yao, wenye harufu ya sufi na ya nyama iliyooza zamani sana, ukagusa kila uso kama kipofu anayetafuta mtu. Ukakaa kidogo. Kisha ukaondoka, na joto la Kolwezi likaingia na vumbi lake, na Ernestine akaanza kucheka kwa raha. Twahiru alilifunga jiwe katika gunia; lori lilikuwa nje, na jioni jiwe lingekuwa chini ya maji ya mto Lualaba.

Ndaya alibaki peke yake kuziba shimo kwa wavu na mbao. Alipotoka, Stany hakuwa langoni. Tshiamala alikuwa akimwambia Twahiru kwamba sasa pamesafishwa ataajiri mtu mwenye elimu, aelezee wageni historia, kwa sababu hajawahi kuwa na mtu kama huyo. Alimwona Ndaya akipita.

"Mama, leo hatupokei bageni," alisema.

Hata asante hana, Ndaya aliwaza, akampita. Alitembea haraka, akitafuta mgongo wa Stany mbele yake barabarani kati ya malori. Alifikiri ametangulia kwa sababu ya watoto.

Alikuwa ametangulia kwa sababu ya watoto. Mlango ulikuwa wazi. Stany alikuwa amekaa mkekani, bado na vumbi, Ngoyi mgongoni, Shekina amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na wote watatu walikuwa wakizungumza kwa wakati mmoja. Ndaya alisimama kizingitini kuwatazama. Alikuwa na furaha kwa muda wa kuvuta pumzi mbili.

Stany alimwona. Akainuka, akafuta mikono kwenye suruali, kama mtu anavyomwinukia mgeni.

"Mama, jambo. Karibu. Unatafuta nani?"

"Stany."

"Ni mi." Alingoja aendelee.

Alimtazama Shekina. Shekina alijificha nyuma ya baba yake na kuchungulia. "Papa, pengine ni mwalimu," mtoto alinong'ona.

Ndaya alifungua daftari pale mlangoni. Ukurasa kwa ukurasa, Jumapili zote, kila aliyewahi kuvuka lango, mlinzi, wageni, kwaya, wote kwa mwandiko wake, wote na alama. Hakujiandika hata mara moja. Mwalimu hajiiti. Alipofika ukurasa wa mwisho akalifunga.

"Mi ni Ndaya," alisema. "Ndaya. Stany, niangalie. Ndaya!"

Stany alimtazama kwa bidii, mtu mwema anayejaribu kusaidia. Akawaza. Akawageukia watoto, nao wakatikisa vichwa.

"Pardon, mama," alisema kwa upole. "Mu hii avenue hatuna mutu wa ile jina."